Kadi Namba Ishirini na Saba

Mama yangu, Hadija binti Lipande, hakuwa mtu wa kujibu swali mara ya kwanza. Ukimwuliza anakwenda wapi, atakuuliza kuna nini huko. Ukimwuliza ameamkaje, atataka kujua nani kakwambia kalala vibaya. Watu wa kijiji chetu, kati ya Ziwani na Mahurunga huko Mtwara, walishamzoea. Watani wake walisema siku malaika Munkari na Nakiri watakapomjia kaburini kumhoji watarudi walikotoka bila jibu hata moja. Yeye alicheka, akasema kwanza atawauliza nani amewatuma.

Simlaumu, maana alifundishwa. Baba aliandikishwa na wakala wa mkonge akaenda Tanga kwa mkataba wa miaka miwili, na ile miwili haijaisha mpaka leo. Baadaye wakaja watu na daftari kule shambani kwetu, penye mikorosho ya babu. Walisema wanaandika majina tu. Wiki ya pili likaja lori, tukapakiwa na kuku na vyungu, tukashushwa kwenye kiwanja kilichopimwa kwa kamba, tukaambiwa hapa ndipo kijijini. Tangu siku ile mama akawa na imani moja iliyokaribia zile nguzo tano: mtu anayeandika jina lako ana safari na wewe.

Kusoma hakujua. Tarakimu alizijua. Alizisoma kwenye mizani ya chama cha ushirika wakati wa kupima korosho, akisimama nyuma ya karani msimu baada ya msimu, mpaka karani akawa anapima kwa adabu.

Na lipo jambo la pili, nalo nitalisema bila kuzunguka. Mama aliswali vipindi vitano na alipika nipa. Mabibo yaliyokaushwa, yaani kochoko, aliyalowesha kwenye pipa, yakachacha, akayachemsha na kuukinga mvuke kwa bomba, na kilichodondoka kule mwisho kilikuwa kikali cha kuunguza koo. Serikali ilikipiga marufuku. Dini ilikipiga marufuku mapema zaidi. Lakini nipa ndiyo iliyonivalisha sare na kuninunulia madaftari, na mama alisema hesabu ya hilo atatoa mwenyewe mbele ya Mungu, asisaidiwe na mtu.

Mpishi wa nipa lazima ajue matone yamefika wapi. Wengine huyajaribu kwa kibiriti, na kibiriti katika duka la ujamaa kilikuwa leo kipo, kesho hakuna. Wengine huonja. Mama hakukubali hata tone la haramu liguse ulimi wake, basi ulimi ukawa wangu. Tangu nina miaka tisa nilikaa kando ya bomba, nikachovya kidole, nikaonja, nikatema, nikasema "bado" au "kali". Sikuwahi kuona ajabu. Kazi za nyumbani zilikuwa nyingi, na hii haikuchosha mgongo.

Mwaka 1973 nilikuwa darasa la saba. Nilikuwa na akili, sina haja ya kujificha, na Mwalimu Mkuu Andrea, mtu wa Songea, mpole kupita kiasi, alikuwa ameanza kumwambia kila mtu kwamba Sharifa atakuwa msichana wa kwanza wa shule yetu kwenda sekondari. Mama alipoambiwa alimwuliza, "Kwenda sekondari kufanya nini?" Lakini jioni ile alinipa kichwa cha samaki, ambacho siku zote kilikuwa chake.

Mwezi wa nane, ikaja Landrova. Alishuka kijana mmoja mwenye suruali iliyonyooshwa na miwani, akajitambulisha kuwa Ndugu Erasto, kutoka Dar es Salaam, kwenye ofisi ya utafiti. Alibeba sanduku la kadi ngumu na tepu rekoda kubwa ya betri. Alituambia serikali inataka kujua vijana wanatumia pombe na bangi kiasi gani, ili iwasaidie. Sauti iliyomo ndani ya tepu itauliza maswali thelathini. Kila swali lina vidoa viwili kwenye kadi: kushoto hapana, kulia ndiyo. Sisi tutatoboa kidoa kimoja kwa sindano tutakayopewa. Kadi zitakwenda Dar es Salaam zikasomwe na kompyuta.

"Hamtaandika majina," alisema. "Mwalimu wenu hataona. Mashine haina hasira, haina bakora, na haimjui baba yako. Kwa hiyo iambieni kweli."

Saidi, mchekeshaji wa darasa, akanyoosha mkono. "Ndugu, hiyo mashine inaona watu kupitia yale matundu?"

Tulicheka, ila si sana. Sote tulitaka kujua.

Siku hiyo ilikuwa ya mazoezi tu. Sauti iliuliza kama tumekula asubuhi, kama tuna kaka, kama tunapenda mpira. Tulitoboa, tukaambiwa tunaweza kuondoka na kadi zile, za kweli tutazipata kesho kutwa. Nikaipeleka nyumbani kumwonyesha mama, kwa majivuno, maana ilikuwa kitu cha Ulaya.

Mama alikuwa anamenya muhogo. Alifuta mikono, akaishika kadi kwa ncha za vidole, akaigeuza. Kwenye pembe ya juu palikuwa na namba iliyopigwa mhuri.

"Hii ishirini na saba ni nini?"

"Namba tu, mama."

"Lete daftari lako la hesabu."

Nikalileta. Juu ya jalada, kwa mkono wa Mwalimu Andrea, palikuwa na ishirini na saba, namba yangu ya kitabu cha mahudhurio. Mama aliviweka vitu vile viwili pamoja juu ya mkeka na kuvitazama kwa muda mrefu, vile alivyokuwa akiitazama mizani.

"Walisema hawaandiki majina," nikasema.

"Namba ni jina lililojifunika kanga. Unadhani mwenyewe halijui?"

Akaniuliza maswali yenyewe yatakuwaje. Nilimwambia aliyotudokeza Ndugu Erasto: umewahi kunywa, umewahi kuvuta, nyumbani kwenu kunatengenezwa pombe. Hapo kisu kikasimama. Kisha akaendelea kumenya, na kazi ya kunifundisha ikaanza palepale. Kila swali, alisema, hapana. Usifikiri. Ukifikiri utajibu.

"Umewahi kuvuta bangi?"

"Hapana."

"Umewahi kunywa pombe?"

"Hapana."

"Mama yako anapika nipa?"

"Hapana."

"Unampenda mama yako?"

"Hapana."

"Vizuri," akasema, na alicheka mpaka muhogo ukamponyoka.

Siku ya kadi za kweli sauti ilianza kuuliza, nami nikatoboa kushoto. Maswali hayakuwa yote ya pombe. Mengine yalikuwa ya kijinga kabisa. Umewahi kumkasirikia mtu? Umewahi kuchelewa shule? Umewahi kusema uongo hata mmoja tangu uzaliwe? Kidogo nisite, kwa sababu nilichelewa shule wiki ileile. Nikakumbuka, usifikiri. Kushoto. Kadi yangu ikatoka na matundu thelathini yaliyopangika kama mbegu kwenye tuta. Saidi alitoboa yote, kushoto na kulia, akasema hakutaka mashine ikose chakula.

Wiki sita zilipita. Mabibo yalikuwa yameanza kuiva, kijiji kizima kinanuka utamu uliochacha, na sisi tulikuwa tunajiandaa kwa mtihani. Siku moja baada ya adhuhuri Mwalimu Andrea alibisha hodi nyumbani kwetu. Hakuwa na desturi hiyo. Alikaa kwenye kigoda, akakataa maji, akayakubali, hakuyanywa.

"Mama Sharifa," alisema, "majibu ya ile mashine yamerudi."

"Majibu ya nani? Si hakuna majina?"

Mwalimu alitazama chini. Kisha alieleza, na kwa kweli hakujitetea. Aliambiwa aandike namba za kitabu cha mahudhurio ili kadi zisichanganyike, naye akaziandika bila kuuliza. Sasa Ndugu Erasto amerudi na karatasi ndefu ya kukunjwakunjwa, na kila namba ina alama yake. Walevi wana alama yao. Waliofanya mzaha, kama Saidi, wameachwa. Namba ishirini na saba ina nyota.

"Nyota ni kitu gani?"

"Maana yake kadi haisemi kweli. Yale maswali ya kuchelewa, ya hasira, ya uongo, yaliwekwa makusudi. Hakuna mtoto anayeweza kujibu hapana yote. Anayejibu hivyo, mashine inasema anaficha kitu kikubwa."

 Nilimwona mama anapepesa macho, na mimi niliyemjua nilielewa kwamba anaona uchungu. Alikuwa ameunusa mtego, akauruka, akatua katikati ya mwingine.

Lililokuwa baya zaidi lilikuwa mbele. Karatasi ile ingeambatanishwa na fomu ya tabia, na fomu ya tabia ndiyo inayokwenda pamoja na matokeo ya mtihani. Mwenye nyota hachaguliwi. Hata awe wa kwanza. Ndugu Erasto alikuwa ametoa nafasi moja: Alhamisi, mtoto aje na mzazi wake ofisini, ajibu upya, na akijibu kweli nyota itafutwa.

"Na akishasema kweli, kweli hiyo inakwenda wapi?"

"Anasema ni siri, Mama Sharifa."

"Hata na majina alisema hakuna."

Mwalimu Andrea akaondoka akiwa ameacha maji yake.

Zilibaki siku tatu. Mama alizunguka uwani akigusa vitu: pipa, bomba, chungu. Niliogopa, na sitadanganya kwamba niliogopa kwa ajili yake peke yake. Niliitaka ile sekondari. Niliitaka mpaka nikawa nachukia harufu ya kochoko, nachukia bomba, na kuna saa nilimchukia na yeye. Nikiwaza swali la pombe nyumbani niliona njia mbili tu. Nikisema hapana, nyota inabaki, maana yule bwana bila shaka ameshanong'onezwa na mtu. Kijiji chetu kilikuwa na masikio mengi kuliko nyumba. Nikisema ndiyo, namfunga mama kwa mkono wangu.

Mama hakunifundisha safari hii. Nilimwuliza nijibu nini. Akaniuliza, "Kwani umeshaulizwa?"

Alhamisi tulikwenda. Alivaa kanga zake mpya na viatu, alivyokuwa akivivaa Idi tu. Ofisini alikuwapo Ndugu Erasto nyuma ya meza, Mwalimu Andrea dirishani akijifanya anasahihisha, na ile tepu rekoda katikati. Ndugu Erasto alisimama akampa mama kiti. Alikuwa na adabu sana, na adabu ile ilimtia mama wasiwasi zaidi. Nilimwona akikagua kiti kabla ya kukikalia, ubavuni mwangu.

"Mama, usiwe na hofu," alisema. "Sisi si polisi. Sisi ni wataalamu."

"Polisi nawajua wanakolala," mama akajibu. "Wewe unalala wapi?"

Mwalimu Andrea alikohoa. Ndugu Erasto akatabasamu, akanipa kadi mpya, ishirini na saba kwenye pembe, na sindano. Akabonyeza kitufe. Sauti ikaanza upya, ileile, isiyochoka. Umewahi kumkasirikia mtu? Ndiyo. Umewahi kuchelewa shule? Ndiyo. Umewahi kusema uongo? Ndiyo. Umewahi kuonja pombe, hata kidogo? Nikatoboa ndiyo. Ndugu Erasto aliandika kitu. Maswali yakaenda, yakaenda, mpaka likaja la kumi na tisa. Je, nyumbani kwenu kunatengenezwa pombe?

Sauti ilikuwa na desturi ya kungoja baada ya kila swali. Tepu ikazunguka. Nilishika sindano juu ya kadi, na kichwani hamkuwa na kitu.

Mama akanyoosha mkono, akaifunika tepu kwa kiganja.

"Mzime huyu mtu," alisema.

"Mama, mtoto ndiye anayetakiwa..."

"Mzime. Niulize nangu, mimi mwenyewe."

Ndugu Erasto alimtazama, kisha akabonyeza, tepu ikasimama. Alisema utaratibu haumruhusu. Mama alimwuliza kama utaratibu unaruhusu kumwuliza mtoto habari za jungu la mama yake.  Hapo Ndugu Erasto, kwa miwani yake yote, akavuta karatasi tupu.

"Kwanza," mama akasema, "nikikujibu, hii inakwenda wapi?"

"Dar es Salaam. Ni siri."

"Nani mwingine ataiona?"

"Mashine tu."

Mama alimwangalia muda wa kutosha mtu kukoka moto. Halafu, yule mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akijibu swali mara ya kwanza, akajibu hata yale ambayo hakuulizwa.

"Nyumbani kwetu kunatengenezwa nipa. Napika mimi. Mwaka wa sita sasa. Kochoko nalowesha mwenyewe, kuni nakata mwenyewe, sina mshirika. Huyu mtoto namwonjesha tangu ana miaka tisa, kwa sababu mimi ni Mwislamu. Anaonja, anatema. Kunywa hajanywa. Na ile kadi ya kwanza msimwekee yeye nyota. Uongo ule ni wangu, alitumwa, na mtoto wa kwetu akitumwa na mama yake anakwenda. Andika."

Aliandika. Mwalimu Andrea alikuwa amegeuka kutoka dirishani, na macho yake yalikuwa mekundu. Ndugu Erasto akamsomea mama maneno yake, mama akayasikiliza yote, akasema yamekaa sawa, akauliza aweke wapi kidole. Kisha akamtaka afute nyota akiwa anaona. Kalamu ikapita juu ya alama kwenye ile karatasi ndefu, na mama akainama karibu kuhakikisha kwamba mstari uliofutwa ni wa ishirini na saba.

Njiani kurudi alinituma dukani kuulizia chumvi.

Siku ya kumi na moja wakaja mgambo wanne na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Athumani, akiwatangulia huku anatazama miguu yake. Walilichukua pipa, wakalipinda bomba, wakavunja chungu. Mama alikuwa ameshafunga kanga mbili na sabuni kwenye kifurushi. Nani aliyesema, sijui mpaka leo. Ndugu Erasto alimwandikia Mwalimu Andrea barua akiapa kwamba karatasi haikutoka mkononi mwake. Mzee Athumani aliapa kwamba habari za nipa alizijua miaka yote na siku hiyo alitumwa tu kutoka juu. Nimekuwa mtu mzima, nimefundisha, nimestaafu, na kati ya hao wawili bado sijapata wa kumwamini. Mahakama ilimpa mama miezi sita.

Mtihani niliufanya nikiwa nalala kwa mama mdogo. Nilichaguliwa. Mwezi wa kwanza Mwalimu Andrea alinisindikiza hadi mjini Mtwara, akinibebea sanduku la bati, na Jumapili ya pili nilipata ruhusa ya kwenda gerezani kumwona mama. Alikuwa amekonda, na alitaka kujua kwanza kama chakula cha shule kina mawe, na kama wasichana wenzangu ni wezi. Aliishika sketi yangu ya bluu, akaichunguza mishono.

Nilikuwa na swali langu, nami nilililea tangu ile Alhamisi.

"Mama, yule Ndugu Erasto ulimwamini?"

Nilitegemea aniulize kwa nini nauliza. Hakuuliza.

"Nimwamini kwa lipi? Nilijua mgambo watakuja. Nilidhani watakuja Jumamosi ileile, wakachelewa."

"Sasa kwa nini ulimjibu?"

Alikuwa bado ameshika pindo la sketi.

"Ningenyamaza mimi, ungejibu wewe," alisema. "Ungekuja kusoma huku umenifunga. Sikutaka ukae na hilo."

Askari akasema muda umekwisha. Niliondoka bila kumwambia kwamba alipoifunika ile tepu kwa kiganja chake, sindano yangu ilikuwa imeshasimama juu ya ndiyo, na karatasi ilikuwa imeanza kubonyea. Miaka yote aliyoishi baada ya hapo sikumwambia. Alikuwa amekaa ubavuni mwangu siku ile, na macho yake yalikuwa kwenye kadi.